Injili Iliyofika Taveta kwa Miguu ya Wageni

Walimu wa Kiswahili hupenda kuwafunza wanafunzi wao methali mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika mitihani, methali hii ya pili hufasiriwa mara nyingi kuwa onyo kwa mgeni asiyejua kuondoka. Binafsi sijapata kuridhika na fasiri hiyo. Jembe hapewi mtu anayefukuzwa. Jembe hupewa mtu aliyekwisha kukubaliwa, akaonyeshwa na shamba. Lakini ni ile ya kwanza ambayo ningependa tuitafakari leo, maana imebeba dai zito: kwamba katika kukutana kwa mgeni na mwenyeji, anayehitaji kuponywa ni mwenyeji.

Dai hilo lina mahali pa kupimiwa nchini Kenya. Mahali penyewe ni Taveta, mji mdogo ulio chini ya Mlima Kilimanjaro, mpakani mwa Kenya na Tanzania, ambako kwa miaka mingi sasa vijana kutoka Ethiopia hukamatwa wakiwa njiani kuelekea Afrika Kusini. Hufika usiku, wengine kupitia Loitokitok na Njukini, wengine kupitia Voi na Mwatate, wakabebwa kwa magari ya watu binafsi na kwa pikipiki hadi karibu na mpaka, kisha wakavushwa kupitia njia za panya zile zile zinazopitishiwa mahindi na sukari. Baadhi yao hufika Himo na kuendelea. Baadhi hunaswa, wakalala katika seli za polisi, wakafikishwa mbele ya hakimu, wakahukumiwa kwa kosa la kuwamo nchini kinyume cha sheria, na baadaye wakarejeshwa makwao. Magazeti yetu huandika habari hiyo kwa sentensi nne au tano, na kichwa cha habari karibu daima huwa na maneno wahamiaji haramu.

Naomba radhi nisimame kidogo kwenye neno hilo haramu. Ni neno la dini kabla ya kuwa neno la magazeti. Kitendo chaweza kuwa haramu. Chakula chaweza kuwa haramu. Mali iliyopatikana kwa dhuluma ni haramu. Ila mtu, kwa mujibu wa Ukristo na Uislamu pia, ni kiumbe cha Mungu, na sijui ni kwa fatwa ya nani tumeanza kumwita binadamu mzima kwa jina hilo kwa sababu tu hana muhuri katika pasipoti. Walimu wa lugha wana kazi hapa, hata kabla ya walimu wa dini hawajaingia darasani.

Sasa turudi Taveta, na turudi nyuma. Yeyote anayeishi mji huo na kumwona mgeni kuwa kitu cha ajabu hajaisoma historia ya nyumbani kwake. Wataveta wenyewe ni jamii iliyotokana na wageni. Koo zao zilikusanyika katika msitu mnene wa Mto Lumi zikitoka Upare, Usambara, Uchagga, Taita, Ukambani na kwa Wamaasai, kila moja ikikimbia jambo fulani: njaa, vita, au ugomvi wa kwao. Msitu uliwaficha. Wasafiri wa karne ya 19, kama vile mmishonari Charles New aliyepita mwaka 1871 na Joseph Thomson aliyefika mwaka 1883, waliikuta Taveta ikiwa kituo cha amani ambako misafara ya pwani ilipumzika na kununua vyakula, na ambako mtu aliingia kwa njia nyembamba iliyozibwa kwa magogo. Ndani ya malango hayo, waliokuwa wageni kwa wageni walikuwa wamefanyiza kabila moja lenye lugha moja. Wamaasai walioshindwa katika vita vyao wenyewe kwa wenyewe walikuja wakapewa mahali pa kukaa. Hakuna aliyewauliza hati.

Injili nayo ilifika hapo ikiwa mkimbizi. Hili ni jambo ambalo Wakristo wengi wa Taveta hawalisimulii vya kutosha, na ni la kweli. Chama cha Kimishenari cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilikuwa kimeanza kazi Moshi mwaka 1885. Mwezi Juni mwaka 1892, majeshi ya Wajerumani yaliyoongozwa na Baron von Bülow yalishindwa na watu wa Mangi Meli huko Moshi, na Bülow mwenyewe akafa. Wajerumani walitafuta wa kulaumiwa. Wamishonari wa Kiingereza walishukiwa kuwa walikuwa upande wa Meli, na mwaka huo huo ikawalazimu kufunga mizigo yao na kuondoka. Mchungaji Alexander Steggall aliteremka kutoka mlimani, akavuka mpaka uliokuwa umechorwa na mataifa ya Ulaya miaka sita tu kabla ya hapo, na akaingia Taveta pamoja na baadhi ya vijana wa Kichagga waliokuwa wanafunzi wake. Wakajenga kituo mahali palipoitwa Mahoo. Kuanzia mwaka 1895 kituo hicho kilichapisha gazeti lake, Taveta Chronicle, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa kuchapishwa katika nchi ambayo leo ni Kenya. Kwa hiyo kanisa, shule na gazeti, vitu vitatu ambavyo Taveta hujivunia, vililetwa na watu waliofukuzwa kwa kushukiwa usalama. Laiti wazee wa Taveta wangewarudisha Moshi kwa kuwa hawakuwa na kibali!

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na Mzungu hata akifukuzwa hubaki Mzungu. Basi na twende pwani tukaone historia ya weusi wenzetu. Kanisa la Kianglikana la pwani ya Kenya halikujengwa na wenyeji waliokuwa na mashamba na mizimu yao. Lilijengwa kwanza na watumwa. Freretown, ile ya Kisauni, Mombasa, ambayo kengele yake iliupa mtaa wa Kengeleni jina, ilianzishwa mwaka 1875 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Waingereza. Watu hao walitoka Nyasa, Uyao, na bara za mbali. Baadhi yao walikuwa wamelelewa India kabla ya kurejeshwa Afrika. William Jones, mmoja wao, alifanywa shemasi mwaka 1885. Hao ndio waliokuwa walimu, wafua vyuma, waimbaji na wahubiri. Mmijikenda wa Rabai na Mtaita wa Sagalla walipolisikia neno la Mungu katika lugha waliyoielewa, mara nyingi walilisikia kutoka kinywani mwa mtu asiye na ukoo, asiye na kaburi la babu yake popote pale katika nchi hiyo.

Kisa cha Rabai ndicho ninachokiona kuwa cha manufaa zaidi kwetu leo, nami nitakaa nacho kidogo. Mbali na watumwa waliokombolewa na manowari, walikuwako watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao katika mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa. Hao hawakuwa na karatasi yoyote ya uhuru. Kwa sheria ya wakati huo, chini ya Sultani wa Zanzibar, utumwa ulikuwa halali na mtoro alikuwa mali ya mtu. Kumhifadhi kulikuwa wizi. Wakubwa wa misheni na balozi wa Uingereza waliwaonya watu wao wasiwapokee, kwa hofu ya kuzusha vita na wenye mashamba. Lakini viongozi Waafrika wa Rabai waliwapokea. Watoro walikuja usiku, wakajenga vibanda kando ya mahame, wakajifunza kusoma, wakabatizwa. Huko Fuladoyo, mahali walipokusanyika watoro wengine, Mgiriama aliyeitwa David Koi alikuwa kiongozi wao wa Kikristo. Mwaka 1883 alikamatwa na kuuawa kwa kukatwa kichwa. Wengi humhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa kanisa nchini Kenya. Aliuawa akiwa anawachunga watu ambao magazeti ya leo yangewaita haramu.

Jambo hilo lilimalizikaje? Mwaka 1888 lilikuwa karibu kuleta umwagaji wa damu. Ndipo George Mackenzie, mwakilishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alipokubaliana na wenye watumwa kuwalipa fidia, na watoro wapatao 1,400 waliokuwa Rabai na katika vituo vingine wakaandikiwa hati za uhuru. Hati zenyewe zilitolewa Rabai tarehe mosi Januari mwaka 1889. Mackenzie hakuwa malaika. Alitaka njia ya biashara iwe salama. Hata hivyo, mtazame utaratibu uliopatikana. Waumini wadogo waliifanya huruma kwanza, kwa hatari yao wenyewe. Wakubwa, walipoona kwamba huruma hiyo haiwezi kurudishwa nyuma, walilazimika kutafuta njia ya kisheria ya kuihalalisha, na kuilipia.

Watu wa Taita nao wasidhani wao ni wenyeji wa milele wasiowahi kukimbia. Njaa kubwa ya mwaka 1884, ambayo wazee waliiita Mwakisenge, iliwatawanya watu kutoka milimani hadi pwani wakitafuta chakula. Miaka thelathini hivi baadaye, katika Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya Waingereza iliwashuku watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, na mwaka 1915 ikawang'oa kutoka mlimani kwao na kuwapeleka Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi ya pwani ambayo miili yao haikuyazoea. Waliobaki walichukua miaka mingi kurudi. Nyumba zipo Kasigau ambazo bibi alizaliwa uhamishoni.

Kisha wapo Wahabeshi wenyewe. Vijana wanaokamatwa leo mjini Taveta si wa kwanza wa taifa lao kulala pale wakiwa chini ya ulinzi. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 na kuutwaa mji wa Addis Ababa mwaka 1936, maelfu ya watu walivuka mpaka wa kaskazini na kuingia Kenya. Serikali ya kikoloni iliwaweka kwanza katika kambi ya Isiolo. Baadaye kambi ikahamishiwa Taveta. Walikuwamo wapiganaji, wanawake na watoto, pamoja na Waeritrea waliokuwa wametoroka jeshi la Italia. Hawakupendwa na serikali. Walionekana kuwa mzigo na gharama. Ila Italia ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza mwezi Juni mwaka 1940, mzigo uligeuka kuwa jeshi: wanaume kutoka miongoni mwa wakimbizi wa Kenya waliandikwa, wakapelekwa Sudan, na wakawamo katika vikosi vilivyomrudisha Mfalme Haile Selassie nchini mwake. Tarehe 5 Mei 1941 aliingia tena Addis Ababa. Sijui ni shule ngapi za Taveta humwambia mwanafunzi kwamba sehemu ya ukombozi wa Ethiopia ilianzia katika ardhi anayokanyaga akienda dukani.

Hawa wa leo hawakimbii Wataliano. Wengi wao hutoka kusini mwa Ethiopia, katika nchi ya Wahadiya na Wakembata, mahali penye watu wengi na mashamba madogo yasiyogawanyika tena. Mji mkuu wa Wahadiya huitwa Hosaena, na jina hilo ni lile lile la Hosana, siku ya matawi. Nchi hiyo ina Wakristo wengi wa makanisa ya kiinjili, watu wa Biblia na maombi. Watafiti waliofanya kazi huko wameeleza kwamba mwaka 2001 mhubiri mmoja mgeni alitabiri katika mkutano wa hadhara kwamba Mungu angefungua njia ya kusini, na kwamba vijana wengi waliianza safari wakiamini kwamba njia hiyo imebarikiwa. Familia huuza ng'ombe na kukopa. Kanisa humwombea anayeondoka. Wanaofanikiwa hufungua vijiduka katika vitongoji vya Afrika Kusini na kutuma pesa za kujengea nyumba, shule na makanisa kwao.

Wasiofanikiwa tunajua yanayowapata. Mwezi Juni mwaka 2012, zaidi ya Waethiopia arobaini walikutwa wamekufa katika mkoa wa Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Mwezi Machi mwaka 2020, maiti 64 zilipatikana ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Walionusurika walikuwa 14. Mwezi Oktoba mwaka 2022 kaburi la pamoja lilifukuliwa Mzimba, Malawi, na miili 25 ikapatikana siku za mwanzo. Mwezi Desemba mwaka huo huo, miili 27 ilitupwa kando ya barabara nje ya Lusaka. Wanaosafiri nchi kavu kwenda kusini hupitia Kenya na Tanzania kwanza. Kwa hiyo huenda baadhi ya waliofia Tete walipita karibu na madirisha yetu, wakanunuliwa maji katika maduka yetu, wakabebwa na pikipiki za vijana tuliosoma nao.

Hapo ndipo kijana yule anayeletwa mahakamani anapoacha kuwa habari ya gazeti. Mama mmoja wa kanisa katika kaunti hiyo alinisimulia jinsi yeye na wenzake walivyopeleka chakula kwa kundi la vijana waliokuwa mahabusu. Walikuwa wamechoka, nyayo zimepasuka, macho mekundu. Akina mama wakafungua sufuria, wakaanza kugawa wali na maharagwe haraka haraka kwa kuwa askari aliwapa dakika chache. Hakuna aliyekula. Kina mama wakadhani chakula kimekataliwa, pengine kwa sababu ya mwiko wa kwao. Kijana mmoja akainua mkono kumwomba askari ruhusa, akasimama, wenzake wakainamisha vichwa, naye akaomba kwa lugha ambayo hakuna mwenyeji aliyeijua. Walielewa maneno mawili tu: Yesus na amina. Alipomaliza, wakala wote hadi sufuria ikabaki tupu. Mama huyo aliniambia kwamba amefunzwa katekisimu tangu utotoni, amesimamia mikutano mingi ya wanawake, lakini siku hiyo ndiyo aliyofahamu maana ya kubariki chakula. Alikuwa amekwenda kuwapelekea Wakristo maskini sadaka, akakuta yeye ndiye anayehubiriwa.

Nimelipima simulizi hilo kwa mizani ya shaka, maana najua jinsi watu wa dini wanavyopenda hadithi tamu. Lakini halinishangazi, kwa kuwa ndivyo imani ilivyosafiri tangu zamani. Ethiopia yenyewe iliupata Ukristo katika karne ya 4 kwa mkono wa Frumentius, kijana wa Tiro aliyetekwa katika pwani ya Bahari ya Shamu na kupelekwa mateka katika jumba la mfalme wa Aksum. Mateka akawa mwalimu, baadaye askofu. Na ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi pwani na hata hapo Taveta, hawahitaji kufunzwa na mimi habari za Najashi. Mnamo mwaka 615, wafuasi wa kwanza wa Mtume Muhammad walipoteswa Makka, walivuka bahari wakaenda Uhabeshi, na mfalme Mkristo akakataa kuwarudisha mikononi mwa waliowafuata na zawadi. Kila mtoto wa chuoni anakijua kisa hicho. Wajukuu wa nchi ile ndio wanaolala leo sakafuni kwetu.

Tena tusisahau kwamba Waislamu wa pwani walikwisha kuonyesha mfano hapa hapa Kenya. Mwezi Januari mwaka 2001, baada ya mauaji yaliyofuata maandamano huko Pemba na Unguja, zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwa mashua na kufika Shimoni. Wavuvi wa Shimoni, watu wasiokuwa na akiba ya kesho, waliwapa vyakula na mahali pa kulala kabla mashirika makubwa hayajafika na mahema yao.

Wako watakaosema kwamba nayachanganya mambo. Mkimbizi ni mkimbizi, na anayetafuta kazi ni mwingine. Wana haki ya kusema hivyo. Sheria nayo hutofautisha. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 humlinda anayekimbia mateso. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 humwadhibu anayekaa nchini bila ruhusa kwa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu. Aidha, nchi iliyopitia mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 haiwezi kuambiwa ilale milango wazi. Zaidi ya hayo, wapo walanguzi. Hao si Wasamaria wema. Huwafungia watu katika vyumba visivyo na hewa, huwapigia jamaa zao simu wadai pesa zaidi, na wakiona polisi huwaacha porini. Kijana wa Taveta anayempakia mhamiaji kwenye pikipiki kwa malipo manono, kisha akajitetea kwamba alikuwa anamsaidia, anajidanganya. Msaada hauna bei inayopanda kila askari anapoonekana.

Lakini kuna nafasi kubwa sana kati ya kumvusha mtu mpaka kwa siri na kumtazama akifa kiu. Kanisa la Taveta, Voi na Wundanyi lina mahali pa kusimama katika nafasi hiyo, na kusema kweli naona limesimama hapo kwa nadra mno, tena kwa jitihada za mtu mmoja mmoja tu. Hakuna sheria ya Kenya inayokataza kumpelekea mahabusu chakula na blanketi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 51, hutaka mtu aliyezuiliwa atendewe kwa utu, wala haisemi utu huo ni wa Wakenya pekee. Wapo mawakili wanaoabudu katika makanisa yetu. Wako Wahabeshi wenye biashara halali Nairobi wanaoweza kukalimani kwa simu, ili hakimu ajue kama aliye mbele yake ni mtafuta kazi, au ni mtoto wa miaka kumi na sita aliyedanganywa umri, au ni mtu anayekimbia vita ambaye ana haki ya kuomba hifadhi. Mtu asiyeelewa mashtaka hukubali kosa upesi ili balaa limwishie, na siku moja ya mkalimani yaweza kumwokoa na miaka. Hapo ndipo kisa cha Rabai kinapotufaa: kama sheria hairuhusu kuficha, inaruhusu kulipa. Harambee ngapi zimefanyika katika tarafa hiyo kwa ajili ya paa na vipaza sauti? Nauli ya kumrudisha kijana mmoja kwa mama yake ni ndogo kuliko bei ya kipaza sauti kizuri.

Na kabla mtu hajauliza kwa nini tuwasaidie watu wasio wetu, na amuulize jirani yake binti yake yuko wapi. Kutoka pwani na bara, mabinti wa Kenya wamekwenda kwa maelfu kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba. Wengine wamenyang'anywa pasipoti. Wengine wametoroka kwa waajiri wao, na kwa kutoroka wamekuwa, kwa lugha ya nchi hizo, wakaaji wasio halali. Usiku mama wa Mwatate humwomba Mungu kwamba pale Riyadh apatikane mtu mmoja asiyemjua, wa dini nyingine na lugha nyingine, ampe mwanawe maji na amwonyeshe njia ya ubalozi. Mama wa Hosaena naye huomba vivyo hivyo, na jibu la maombi yake limekaa kwenye benchi la kanisa letu likingojea ibada imalizike.

Walimu wa somo la dini watanielewa nikisema kwamba mfano wa Msamaria umechoshwa na mitihani. Mwanafunzi huorodhesha mafunzo matano, hupata alama tano, na hutoka nje kumcheka Mhabeshi aliyefungwa pingu. Mfano ule ulipotolewa mara ya kwanza uliwachoma wasikilizaji, kwa sababu mwenye huruma alikuwa mtu wa taifa wasilolipenda. Hakuwa mmoja wao aliyemhurumia mgeni. Alikuwa mgeni aliyemhurumia mmoja wao, na waliojua sheria na ibada wakawa wamepita kando. Tukiufunza kwa Taveta, inabidi tuufunze hivyo. Mwalimu wa historia naye anaweza kuwatuma wanafunzi nyumbani kwa wazee wao na swali moja tu: ukoo wetu ulikuja kutoka wapi, na nani alitufungulia mlango? Katika darasa la watoto arobaini la Mahoo au la mjini, nadhani hawatapatikana watano watakaorudi na jibu kwamba wamekuwapo siku zote.

Tangu mwaka 2016 kuna kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili, jengo la kisasa, ambako msafiri mwenye hati huhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Mizigo hupita upesi kuliko zamani. Siku za soko, kina mama wa Uchagga huleta ndizi na nyanya, hula chakula cha mchana kwa jamaa zao wa Kenya, na jioni hurejea kwao. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye vichaka vya kuelekea Ziwa Chala na Ziwa Jipe, wengine hupita usiku bila taa. Wanaokamatwa hufikishwa mahakamani mjini kwa kawaida siku chache baadaye, asubuhi, na mlango wa mahakama huwa wazi kwa yeyote anayetaka kuingia na kuketi.